Ukuta Uliokunywa Maji

Kadutu, Bukavu, tarehe 14 Februari 1999

Kaka Ezéchiel,

Nakusalimu wewe, Chantal na watoto. Ikiwa barua hii imefika, mshukuru padri, Abbé Pascal, maana ndiye anayeibeba mpaka Bujumbura, kisha Lusaka, kisha huko kwenu Lubumbashi, kana kwamba Lubumbashi siyo Kongo. Wewe uko upande wa serikali, sisi tuko upande wa waasi, na hakuna aliyetuuliza tulipenda upande gani. Hata salamu siku hizi zinahitaji kuvuka mipaka.

Sisi tuko. Mama ana nguvu, isipokuwa magoti yanayomlalamikia kila anapopanda kutoka sokoni. Joviale wangu yuko darasa la tano, darasa ninalolifundisha mimi mwenyewe, na ananiita "madame" mbele ya wenzake ili wasimcheke. Mume wangu Honoré alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu na hajarudi. Usiniulize habari zake, sina.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Ni ule ukuta wa mawe meusi nyuma ya nyumba, alioujenga baba yetu, Papa, ili mlima usitushukie. Unajua kwamba Oktoba 96 bomu lilianguka upande wa juu wa ukuta. Nyumba ya jirani ikaruka yote, na mdogo wetu Marcellin, aliyekuwa amepanda kuwaita watoto wa pale washuke kwetu, akafa palepale. Upande wa chini Mama alikuwa anaanika nguo. Alitoka na vumbi kichwani tu. Hakuna jiwe hata moja lililochomoka.

Tangu siku ile watu wa shirika letu la parokia wanauita Ukuta wa Bikira. Kila alasiri wanakuja kusali rozari pale. Mama ana kigoda chake, anaegemeza mgongo kwenye mawe, na anasema ni mkono wa Marcellin ulioushikilia ukuta usimwangukie. Mishumaa imepaka mawe moshi mpaka usawa wa kifua.

Sasa wanataka kujenga groto juu yake, ya mawe na saruji, na sanamu ya Bikira ndani, iwe tayari kwa Oktoba, mwezi wa Rozari. Papa Edouard, mkubwa wa shirika, aliniambia: "Adélaïde, kaka yako iko professeur ya mawe. Andika umuulize kama ukuta itabeba."

Basi nakuuliza. Utabeba, au hautabeba? Neno moja linanitosha.

Dada yako,
Adélaïde


Lubumbashi, tarehe 25 Aprili 1999

Mpendwa dada Adélaïde,

Barua yako nimeipata juma la Pasaka, imekunjwa ndani ya kitabu cha misa cha Abbé Pascal. Tunakushukuru. Chantal alikuwa na malaria, sasa amepona. Watoto wanaongea Kifaransa na Kiswahili cha huku, wakisikia changu wanacheka, wanasema naimba. Chuo kinafunguliwa kikitaka na kufungwa kikitaka. Mwambie Mama namwombea.

Swali lako ni zuri, lakini jiwe si kitu cha kujibiwa kwa neno moja. Nitakueleza kama unavyowaeleza wanafunzi wako. Jiwe likibanwa polepole kutoka kila upande, kama linavyobanwa chini kabisa ya mlima, vijitundu vyake vidogo vinajifunga. Linakuwa gumu zaidi, sauti inapita ndani yake kwa kasi zaidi, na maji yanakosa njia. Kwa hiyo uzito peke yake si adui wa jiwe, na uzito wa groto pia peke yake si adui.

Pigo la ghafula ni jambo jingine. Jiwe halipati nafasi ya kujikaza. Ndani yake zinafunguka nyufa nyembamba kuliko unywele, maelfu, na hazijifungi tena. Kwa macho jiwe ni lilelile, na kwa mzani uzito ni uleule. Lakini ukiligonga, sauti yake ni butu, linakunywa maji, na nguvu zake zinaweza kuwa zimeshuka hata nusu. Kila mvua inaingia, kila jua linakausha, na nyufa zinaongezeka kidogo kidogo. Inaweza kuchukua miaka.

Jaribu hivi. Chagua jiwe lililo kavu, udondoshe tone la maji kwa kijiko, uangalie. Jiwe zima linaliacha tone likae juu kama jasho kwenye paji la uso. Nitumie pia kipande, niliweke kwenye mashine yetu ya kubana. Kabla ya hapo siwezi kutamka lolote. Yapo mambo mengi ya kuzingatia: aina ya udongo, mteremko, maji yanayotoka juu.

Kaka yako,
Ezéchiel


Kadutu, tarehe 6 Juni 1999

Kaka,

Salamu kwa wote. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Chantal. Huku tumekuwa na siku za risasi, halafu siku za kimya, na kimya ndicho kinachotutia hofu zaidi. Joviale ameng'oka jino. Honoré, hakuna.

Nilikuomba neno moja, umenitumia somo. Nilimsomea Papa Edouard barua yako yote akiwa amesimama mlangoni. Aliposikia "uzito si adui" akainua mikono: "Asante Mungu! Professeur amekubali!" Nikamwambia asubiri, kuna ukurasa wa pili. Akaniambia wa kwanza umetosha. Sasa saruji imeshanunuliwa. Unaona kazi yako?

Lile jaribio nimelifanya. Nilingoja Mama aende misa ya asubuhi, nikachukua kijiko na kikombe, nikasimama mbele ya ukuta kama mchawi. Kwanza nilijaribu jiwe la kizingiti cha mlango wetu, ambalo Papa alilitoa machimbo yaleyale. Tone likakaa. Joviale akalipuliza, likatembea, halikuingia. Halafu nikadondosha kwenye ukuta, pale Mama anapoegemea. Tone likaingia. Sikuwahi hata kushusha kijiko. Nikadondosha kwenye jiwe lingine, na lingine, nikaenda mpaka mwisho wa ukuta. Yote yanakunywa, Ezéchiel. Joviale aliniuliza, "Maman, ukuta iko na kiu?"

Kipande hiki nimekibandua kwa nyundo kwenye pembe, Abbé Pascal anakubebea. Kiweke kwenye mashine yako. Lakini safari hii usiniletee "mambo mengi ya kuzingatia." Mama anakaa pale kila siku mgongo ukiwa ukutani. Kama ukuta utaanguka, utamwangukia yeye, na Bisimwa wa nyumba ya chini na watoto wake. Kama haupaswi kubaki, umwandikie Mama mwenyewe, kwa jina lako, useme: mimi Ezéchiel, mtoto wako, nasema ubomolewe. Kwako atasikia. Wewe ndiwe uliyesoma, na uko mbali, na wa mbali huku anaheshimiwa.

Na jambo moja zaidi. Uliandika "pigo la ghafula." Lile lilikuwa bomu. Na jina la mdogo wako hukuliandika popote, hata kwenye salamu. Hukuja kumzika kwa sababu ya njia, sawa, njia naijua. Lakini kalamu nayo ilizuiliwa na nani?

Adélaïde


Lubumbashi, tarehe 18 Julai 1999

Dada Adélaïde,

Sote wazima. Baridi ya huku mwaka huu ni kali, watoto wanalala na soksi.

Umetaka neno moja: hapana. Ukuta hautabeba groto, wala hautajibeba wenyewe kwa muda mrefu. Kipande chako nimekikata, nimekiweka kwenye mashine mbele ya wanafunzi. Sauti ilipita ndani yake kwa uvivu, kama katika jiwe lililooza, na kilivunjika mapema zaidi kuliko nilivyoogopa. Mmoja wa wanafunzi wangu aliuliza kama ni jiwe la kaburi la zamani.

Bomoeni kabla mvua za Septemba hazijaanza. Anzeni juu, mshuke, asikae mtu chini. Udongo ulio nyuma msiuache umesimama wima, ukatwe ngazi kwa ngazi na kupandwa matete, ili ujishikilie wenyewe.

Kuhusu kumwandikia Mama: Mama hasomi. Wewe ndiwe utakayemsomea, na sauti atakayoisikia ni yako. Sioni tofauti. Mweleze polepole, wewe ni mwalimu.

Ezéchiel


Kadutu, tarehe 12 Septemba 1999

Kaka,

Nakusalimu. Salamu za Mama hazimo humu, kwa sababu Mama hanisemeshi.

Nilifanya kama ulivyoandika. Nilimweleza polepole, mimi ni mwalimu. Nilimletea kijiko na kikombe, nikadondosha maji mbele ya macho yake. Alitazama jinsi tone linavyozama, akafanya ishara ya msalaba, akasema: "Unaona? Iko hai. Marcellin iko anakunywa." Ungesema nini pale, profesa?

Nikaenda kwenye shirika. Nikasimama baada ya rozari, nikasema ukuta si mzima, groto isijengwe, ukuta ushushwe. Papa Edouard aliniuliza kwa upole ule wake unaoumiza: "Mama Joviale, bomu ilishindwa kuangusha huu ukuta. Weye na barua ya kaka yako ndiyo mutaweza?" Wakacheka. Mwingine akasema kaka yako yuko upande wa Kinshasa, anataka Bukavu ikose hata Bikira. Hilo halikuchekesha mtu. Siku hizi neno kama hilo likifika kwenye sikio la askari, unakuja kuchukuliwa nyumbani.

Aliyenielewa ni Bisimwa peke yake, kwa kuwa mlima ukishuka utapita chumbani kwake. Tulingoja sikukuu ya Kupalizwa Bikira, watu wote wakiwa kwenye misa kubwa na maandamano. Ndiyo, siku hiyohiyo. Hatukuwa na nyingine ambayo Mama angeondoka nyumbani kwa saa nyingi. Bisimwa na mitaimbo, mimi na kikapu cha udongo. Nilidhani mawe yatashuka kama mkate mkavu. La! Papa alijenga, kaka. Yalishikana, yalitukataa, Bisimwa akachanika kiganja. Waliporudi kutoka misa, nguo nyeupe na matawi mikononi, walitukuta tungali tunahangaika na safu za chini.

Mama hakupiga kelele. Alikaa chini udongoni, palepale kigoda chake kilipokuwa, akasema: "Mutoto yangu moja aliuliwa na bomu. Sasa weye umekuja kumuua mara ya pili." Basi. Ndilo neno la mwisho aliloniambia.

Na unajua kinachonila zaidi? Sitapata ushahidi kamwe. Ukuta ungeanguka wenyewe, wangesema Adélaïde alituonya, ingawa labda tungekuwa tunazika. Ukuta umeshushwa kwa jasho la siku nzima, kwa hiyo wanasema: ulikuwa mzima, mnaona ulivyopigana. Jiwe moja lilipasukia mikononi mwa Papa Edouard likawa vipande, nikasema, tazama! Akanijibu ni kwa sababu tulilipiga mtaimbo. Udongo wa nyuma tumeukata ngazi, matete tumepanda, mvua ya kwanza imepita na mlima haukusogea. Hakuna aliyeniambia asante. Shuleni wazazi wawili wamewatoa watoto wao darasani kwangu.

Mawe yenyewe yamerundikwa uani, na mvua inayanyeshea. Watu wanakuja kuyachukua. Wanapiga magoti kwanza, kisha wanachagua. Mmoja ameweka lake chini ya mlango, mwingine kwenye pembe ya nyumba, ili lizuie mabomu. Siwezi tena kuwakataza, nani angenisikiliza?

Mwandikie Mama. Safari hii sikuombi, nakudai. Wewe ulitamka hapana ukiwa umevaa koti jeupe, na mimi ndimi niliyeshika kikapu. Mwandikie, hata mistari mitatu, nimsomee huku akinipa mgongo.

Adélaïde


Lubumbashi, tarehe 17 Oktoba 1999

Dada yangu mpendwa,

Safari hii sianzi na habari za soksi. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na Chantal ameisoma, naye hakunisemesha siku nzima, kwa hiyo nimeonja kidogo chakula chako.

Kwanza jambo la haraka, uwaambie watu wote leo hii unaposoma. Mawe yale yasirudi kwenye ujenzi wowote. Chini ya mlango si kitu, lakini kwenye pembe ya nyumba, wayatoe. Na zaidi ya yote yasikaribie moto. Nawajua watu wetu: jiwe zuri likipatikana, halichelewi kuwa figa. Mawe hayo yamekunywa mvua ya Septemba nzima. Maji yamo ndani, kwenye zile nyufa. Yakipata moto mkali yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, nyufa ni nyembamba mno, na jiwe linapasuka kwa kishindo na kurusha vipande usoni mwa anayepika. Nimeliona kwa macho yangu, na lilikuwa jiwe dogo kuliko ngumi. Nenda nyumba kwa nyumba kama ni lazima. Wakikutukana, uwaache wakutukane.

Pili. Niliandika "pigo la ghafula" kwa sababu neno la kweli lilinishinda. Nilipoweka kile kipande kwenye mashine, nilijua ninapima nini. Nilikuwa napima bomu lililomuua Marcellin. Wanafunzi walikuwa wanaandika namba, mimi nilikuwa nasikia sauti yake akiniita nimtupie mpira. Marcellin. Marcellin. Tazama, nimeliandika. Sikuliandika mwanzo kwa kuwa nilijua nikianza sitaweza kuendelea na jiwe, na wewe ulihitaji jibu la jiwe. Naona sasa ulihitaji yote mawili.

Haya ni ya Mama, umsomee:

"Mama, ni mimi Ezéchiel, mtoto wako wa kwanza. Ukuta ni mimi niliyesema ubomolewe. Adélaïde alikataa, mimi nikamlazimisha. Kama kuna mtu wa kukasirikiwa, ni mimi, nami niko mbali, unaweza kunikasirikia kwa nguvu zako zote bila kuniumiza. Marcellin alipanda kule juu ili watoto wa wengine wapone. Hangependa wewe ufe chini ya mawe. Msemeshe dada yangu."

Najua hukukataa. Acha iwe hivyo.

Abbé Pascal anaondoka kesho kwa njia ya Lusaka. Nimemwomba asikawie popote.

Ezéchiel


Kadutu, tarehe 31 Oktoba 1999

Kaka Ezéchiel,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Nakuandikia kwa haraka kwa kuwa kuna mtawa anayeondoka alasiri hii.

Wanasema Abbé Pascal amekwama Bujumbura, mpaka umefungwa na mizigo yake imezuiliwa. Kama ulimpa barua ya kuniletea, basi iko huko. Nikuambie ukweli? Ichelewe tu. Nimezichoka barua zako, kaka, nawe usikasirike. Kila iliyofika ilikuwa na akili nyingi, na kila moja ilinigharimu mtu. Sasa nina habari njema, na ni ya kwanza mwaka huu, na haikutoka kwako.

Mama amenisemesha.

Ilikuwa hivi. Makala ya Kabare, mkaa wetu wa kupikia, hayashuki tena, kule njiani wanapora kila gunia, kwa hiyo kila mtu amerudia kuni. Sisi mafiga hatukuwa nayo. Leo asubuhi, baada ya misa, nilimwona Mama uani kwenye lile rundo, ameinama, anachagua. Nilikwenda nikasimama nyuma yake, nikidhani atanipa mgongo kama kawaida. Hakugeuka, lakini akasema: "Nisaidie hili, ni zito." Neno "nisaidie"! Nililia papo hapo kama mtoto mdogo. Tukabeba mawe matatu, mimi na yeye, makubwa, meusi, bado yanachuruzika mvua ya usiku. Tukayapanga jikoni karibu na mlango. Akayapapasa moja moja akasema: "Sasa Marcellin atakuwa anakula na siye." Halafu akanishika shavu kwa mkono wenye udongo. Yote amenisamehe, nadhani. Hakuutaja ukuta, na mimi sikuutaja.

Nimemwuliza kama tuyaache kwanza yakauke. Akanicheka, akasema mimi na kaka yangu tumezidi kusoma, tangu lini jiwe likaogopa maji? Nami nikacheka. Miezi mingapi sijacheka humu ndani! Sikutaka kuleta tena maneno ya mawe kati yetu, leo hata kidogo.

Ameweka chungu cha maharage, ya sherehe, na ndizi ndani. Amekataa nipike, anapika mwenyewe. Joviale amekaa karibu yake anapuliza moto, nyuso zao mbili zimeinama pamoja juu ya mafiga, na kuni za leo ni nzuri, moto umeshika sana. Ningetaka uwaone.

Naacha hapa, Mama ananiita nije nikae nao.

Dada yako,
Adélaïde